Upangaji wa Hati za Maelezo ya Maunzi Katika Kiini cha Linux: Funzo kwa Mwanaistilahi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi hati zinazoeleza maunzi ya tarakilishi zinavyopangwa katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Hoja kuu ni kwamba hati njema hueleza kitu chenyewe, wala si yule anayekitumia, na kwamba jina likishatolewa kwa umma huwa ni ahadi. Sehemu ya mwisho inaonyesha kuwa kanuni hizi zina manufaa kwa yeyote anayeunda au kupanga istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika mambo ya biashara, lakini maana yake inafika mbali zaidi ya duka na sanduku la fedha. Ujuzi nao ni mali. Fundi aliyeunda chombo asipoandika alivyokiunda, atakayekirithi atalazimika kukifungua, kukipapasa na kubahatisha.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza: sisi na viini vya mifumo endeshi wapi na wapi? Jibu ni kwamba suala tutakalolijadili si la nyaya na umeme tu. Ni suala la kutoa majina, kuainisha, kufasili na kuhifadhi. Haya ndiyo mambo tunayofundishwa katika mofolojia, semantiki na leksikografia. Kwa hivyo, msomaji asiogope. Atakayoyakuta humu ni maswali anayoyajua, ila yamevaa vazi jingine.

2.0 Istilahi zitakazotumika

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuafikiane kuhusu istilahi chache.

Kiini ni ile sehemu ya ndani ya mfumo endeshi inayosimamia maunzi na kuzigawia programu nyingine nafasi ya kuyatumia. Kiendeshi ni programu ndogo ndani ya kiini inayojua kuzungumza na kifaa cha aina fulani. Mti wa vifaa ni maelezo yaliyoandikwa kwa mpangilio wa matawi, yanayokiambia kiini ni vifaa gani vilivyomo katika mashine na vimeunganishwa wapi. Kila kifaa katika mti huo huwa na kifundo chake, na kila kifundo huwa na sifa zake.

Fungamano ni hati inayoeleza jinsi kifundo cha kifaa fulani kinavyopaswa kuandikwa: jina lake, sifa za lazima, sifa za hiari na thamani zinazokubalika. Nimeliteua neno hili kwa sababu hati hiyo hufunga pande mbili ambazo aghalabu hazionani. Upande mmoja yuko anayeandika mti wa vifaa vya mashine yake. Upande wa pili yuko anayeandika kiendeshi. Mafungamano haya, ambayo sasa ni maelfu, ndiyo kitovu cha mjadala wetu.

3.0 Kwa nini maunzi yaelezwe?

Baadhi ya vifaa hujitambulisha vyenyewe. Kifaa kinachochomekwa kwa njia ya USB kikiulizwa, hujibu: mimi ni fulani, nimeundwa na fulani. Hata hivyo, vipo vifaa vingi visivyo na uwezo huo, hasa vile vilivyomo ndani ya rununu, vipanga njia vya intaneti na mashine ndogo kama Raspberry Pi. Chipu iliyounganishwa kwa njia ya I2C, kwa mfano, ina anwani tu. Kiini kikiita anwani hiyo, kitajua kuwa yupo aliyeitikia, lakini hakitajua kwa yakini ni nani.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeunganisha kipimajoto cha aina ya LM75 kwenye mashine yake ndogo. Katika mti wa vifaa ataandika hivi:

temperature-sensor@48 {
    compatible = "national,lm75";
    reg = <0x48>;
};

Mstari wa kwanza unataja aina ya kifaa na anwani yake. Wa pili unataja utambulisho wake kamili: mtengenezaji, kisha koma, kisha jina la chipu. Wa tatu unarudia anwani kwa namna ambayo kiini kitaisoma. Kiini kikikutana na utambulisho huo, hutafuta kiendeshi kinachoutambua na kuviunganisha viwili hivyo. Endapo mwanafunzi atakosea herufi moja tu katika mstari wa pili, huenda kiini kikanyamaza kimya kana kwamba kipimajoto hakipo. Swali linalozuka basi ni hili: mwanafunzi huyu alijuaje maneno ya kuandika? Aliyajua kwa kusoma fungamano. Na kama fungamano halipo, au lipo mahali asipoweza kulipata, hana pa kuanzia.

4.0 Historia fupi ya mpangilio

Wazo la mti wa vifaa ni kongwe kuliko matumizi yake ya sasa katika Linux. Lilitokana na Open Firmware, mfumo uliosanifishwa mwaka 1994 kwa jina la IEEE 1275 na kutumiwa katika mashine za Sun na za Apple. Linux ililipokea kupitia mashine za aina ya PowerPC. Mnamo 2005 ilielezwa namna ya kuutumia mti huo hata katika mashine zisizo na Open Firmware, na maelezo yake yakawekwa katika hati moja ndefu ndani ya saraka ya PowerPC.

Hati hiyo moja ilibeba mambo mengi kwa pamoja: jinsi ya kuiwasha mashine, umbo la mti, na maelezo ya kifaa kimoja kimoja. Vifaa vilipoongezeka, ilifanana na kabati ambalo kila mtu hutumbukiza nguo zake humo humo. Baadaye maelezo ya vifaa yalitengwa katika faili zao, ingawa bado chini ya saraka ya PowerPC.

Wakati huohuo, mashine za aina ya ARM zilikuwa zikielezwa kwa njia tofauti kabisa. Kila ubao ulikuwa na faili yake ya msimbo ndani ya kiini chenyewe. Ubao mpya ukitoka, msimbo mpya huandikwa, hata kama chipu zake ni zilezile. Machi 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani kuhusu vurugu ya mabadiliko yaliyotoka upande wa ARM. Tangu hapo juhudi za kuhamishia maelezo hayo katika mti wa vifaa ziliongezeka.

Mapema mwaka huohuo wa 2011, hati za vifaa zilikuwa zimekwisha kuondolewa chini ya PowerPC na kupewa makao yao katika saraka iitwayo Documentation/devicetree/bindings. Kwa mtazamo wa juu juu, hili ni tendo dogo la kuhamisha faili. Kwa mtazamo wa ndani, lilikuwa tamko. Kipimajoto si mali ya PowerPC wala ya ARM. Ni kipimajoto popote kilipo, na maelezo yake hayapaswi kukaa katika nyumba ya mpangaji mmoja.

5.0 Misingi ya upangaji

5.1 Eleza kifaa, usieleze kiendeshi

Huu ndio msingi mama. Waandishi wa mafungamano huagizwa wasiitaje Linux wala kiendeshi chake, bali waeleze maunzi yalivyo. Chipu ya LM75 ina waya unaotoa ishara joto linapozidi kiwango. Ikiwa kiendeshi cha leo hakiutumii waya huo, fungamano bado linapaswa kuutaja, maana waya upo. Kinyume chake, upungufu wa kiendeshi hauna nafasi katika fungamano, maana huo si wa kifaa.

Sababu ya agizo hili ni ya kiutendaji. Kiendeshi hubadilika kila mara; chipu iliyokwisha kutoka kiwandani haibadiliki. Aidha, Linux si msomaji pekee. Programu ya kuwashia mashine iitwayo U-Boot na mfumo endeshi wa FreeBSD hutumia mafungamano hayohayo. Maelezo yaliyofuata mazoea ya msomaji mmoja huwafunga wengine nje.

5.2 Jina mahususi

Utambulisho wa kifaa huanza na kiambishi awali cha mtengenezaji, na viambishi hivyo vyote vimesajiliwa katika faili moja ili kampuni moja isipewe majina mawili. Kisha hufuata jina kamili la chipu. Hairuhusiwi kuandika jina la jumla linalokisia familia nzima. Mtu angeweza kushawishika kuandika "lm7x" akidhani kuwa chipu zote za kundi hilo zinafanana. Angekosea. LM78 si ndugu wa LM75 ila kwa jina. Yenyewe hupima joto, volti na mwendo wa feni, na huhitaji kiendeshi kingine. Majina ya viwandani hayana uaminifu wa viambishi vya lugha.

Vilevile, sifa inayobeba kipimo hutajwa pamoja na kipimo chake ndani ya jina. Sifa ya volti huishia na "-microvolt", ili asitokee mtu akaandika 3 akikusudia volti tatu ilhali msomaji anasoma maikrovolti tatu.

5.3 Mahali pa hati

Ndani ya saraka kuu mna saraka ndogo kwa kila aina ya kifaa: za saa, za vidhibiti umeme, za mitandao, za sauti na kadhalika. Kanuni ni kwamba hati huwekwa kulingana na aina ya maunzi. Kanuni ni nyepesi kutamka, nzito kutekeleza.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaijua shida hii kupitia ngeli. Tukiainisha nomino kwa maumbo, "kifaru" na "kiboko" zitaingia pamoja na "kiti" na "kitabu". Tukiainisha kwa upatanisho wa kisarufi, zitaingia pamoja na "mtu", kwa kuwa tunasema "kifaru analala". Kigezo kimoja kinatazama umbo, kingine kinatazama jinsi sentensi inavyoitendea nomino.

Katika mafungamano, hati za vihisi vya joto zinapatikana katika saraka zaidi ya moja: "hwmon", "thermal" na "iio". Je, hizi ni aina tatu za maunzi? La hasha. Kwa kiasi kikubwa huu ni mgawanyo wa sehemu za ndani za Linux, kulingana na jinsi kiini kinavyovitendea vihisi hivyo. Hati ya LM75 imo katika "hwmon" kwa kuwa chipu za aina hiyo huhesabiwa kuwa walinzi wa afya ya mashine. Kwa hivyo, ingawa kanuni inataka tuainishe kwa maumbile ya kitu, mkono wa mtumiaji umeacha alama zake kwenye rafu. Ni haki kuukiri udhaifu huu, kwani uainishaji usio na masalia haujapatikana, si katika tarakilishi wala katika sarufi.

Ugumu mwingine ni wa chipu yenye kazi nyingi. Chipu moja yaweza kuwa na vidhibiti umeme, saa na kitufe cha kuwashia, vyote katika kipande kimoja. Suluhisho ni kuwa na hati moja ya chipu nzima, ambayo huirejelea hati ya kila sehemu badala ya kuinakili. Hivyo ndivyo kamusi inavyofanya inaposema "taz." na kumwelekeza msomaji kwenye kidahizo kingine. Kunakili huzaa nakala mbili zitakazotofautiana siku moja. Kurejelea hubakisha ukweli mahali pamoja.

5.4 Umbo la hati

Zamani mafungamano yaliandikwa kwa nathari huru. Kila mwandishi alikuwa na mtindo wake: mmoja alitaja sifa za lazima mwanzoni, mwingine mwishoni, wa tatu alisahau kuzitaja. Kuanzia miaka ya 2018 na 2019, hati zilianza kubadilishwa na kuwa skima zinazoandikwa kwa YAML. Hati ya sasa huwa na sehemu hizi:

(a) utambulisho wa hati, unaotaja mahali inapokaa;
(b) kichwa na maelezo mafupi ya kifaa;
(c) jina la mwangalizi anayewajibika;
(d) orodha ya sifa na thamani zinazokubalika;
(e) orodha ya sifa za lazima;
(f) tamko la iwapo sifa nyinginezo zinaruhusiwa;
(g) mfano kamili.

Msomaji atagundua kuwa huu ni muundo wa kitomeo cha kamusi: kidahizo, fasili, taarifa za kisarufi na mfano wa matumizi. Si lazima kila chipu iwe na hati yake pekee. Hati ya LM75 inazihudumia pia chipu za Texas Instruments, NXP na STMicroelectronics zinazofanana nayo, kila moja ikiwa na utambulisho wake mahususi ndani ya orodha.

5.5 Ukaguzi

Faida kubwa ya umbo hili ni kwamba mashine inaweza kuikagua hati. Amri "make dt_binding_check" huhakiki kuwa hati imeandikwa sawasawa, kwamba utambulisho wake unalingana na mahali ilipo, na kwamba mfano wake unatii kanuni ambazo hati yenyewe imeziweka. Amri "make dtbs_check" huichukua miti ya vifaa vya mashine halisi na kuilinganisha na mafungamano. Mfano unaopingana na fasili, kosa ambalo hata kamusi zinazoheshimika zimewahi kulifanya, hunaswa kabla haujamfikia msomaji.

Isitoshe, fungamano huwasilishwa kama badiliko la peke yake, tena kabla ya kiendeshi chake. Utaratibu huu humlazimisha mwandishi akifikirie kifaa kwanza na programu baadaye.

6.0 Hati kama ahadi

Kwa nini ukali wote huu? Ni kwa sababu mti wa vifaa unaweza kuhifadhiwa ndani ya mashine na mtengenezaji, kisha mashine ikauzwa na kupelekwa mbali. Miaka mitano baadaye mwenye mashine anaweka kiini kipya. Ikiwa wanaotunza kiini wameligeuza jina la sifa kwa kuwa wamepata jina zuri zaidi, mashine iliyokuwa ikifanya kazi jana haitafanya kazi leo, na mwenyewe hatajua kosa lake. Hakukosea. Ahadi ndiyo iliyovunjwa.

Mfano wetu wa LM75 unalidhihirisha jambo hili. Kampuni ya National Semiconductor, iliyoasisi chipu hiyo, ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Kampuni imekwenda, lakini utambulisho "national,lm75" umebaki. Anayetaka unadhifu angeufuta. Anayewakumbuka wenye mashine za zamani anauacha. Jina likishatumika halimilikiwi tena na aliyelitoa pekee.

7.0 Funzo kwa istilahi za Kiswahili

Katika miaka ya 2000, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi hiyo iligusa vioo vya tarakilishi, yaani maneno ambayo mtumiaji huyaona. Maelezo ya ndani ya mifumo, kama haya tuliyoyajadili, ni shamba ambalo jembe la Kiswahili halijalilima vya kutosha. Tukitaka kulilima, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tueleze dhana, tusieleze neno la Kiingereza. "Kipanya" ni istilahi iliyotazama neno la mgeni, kwani anayelisikia kwa mara ya kwanza haambiwi chochote kuhusu kazi ya kifaa. "Tarakilishi" ilijengwa kwa tarakimu na akili. Ilijaribu kukitazama kitu chenyewe. Hili ndilo agizo la kueleza kifaa badala ya kiendeshi.

Pili, tuwe na mahali pamoja pa kusajili. Leo mwanafunzi hukutana na "tarakilishi", "kompyuta" na "ngamizi" kwa kitu kimoja, kila mwandishi na lake. Orodha za istilahi zipo, lakini nyingi hazina mwangalizi anayejulikana wala mfano wa matumizi.

Tatu, tuheshimu ahadi. "Kipanya" limekwisha kuingia katika vitabu na vinywa vya watu. Kulifuta leo kwa sababu ya kasoro ya uundaji wake ni kuwaadhibu waliolipokea kwa nia njema. Na libaki, kama "national" ilivyobaki, na makini yetu yaelekezwe kwa maneno ambayo bado hayajatoka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba upangaji wa hati za maunzi katika Linux umepitia safari ndefu: kutoka faili moja iliyosongamana, hadi saraka zilizoainishwa, hadi skima zinazokaguliwa na mashine. Upangaji huo bado una kasoro, hasa pale mgawanyo wa Linux unapojipenyeza katika uainishaji wa vifaa. Hata hivyo, umemwezesha mtu asiyemjua mtengenezaji, wala kuwahi kufika kiwandani kwake, kuunganisha kipimajoto na kukisoma. Istilahi zetu nazo zitapimwa kwa mizani hiyo: je, mwanafunzi asiyemjua aliyeziunda ataweza kuzitumia bila kubahatisha?

Zoezi

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya kiendeshi na fungamano.
2. "Uainishaji usio na masalia haujapatikana." Jadili kauli hii kwa kurejelea ngeli za Kiswahili na saraka za vihisi vya joto.
3. Teua istilahi tano za tarakilishi. Kwa kila moja, onyesha iwapo imeeleza dhana au imefuata neno la Kiingereza, kisha uiandikie kitomeo chenye sehemu zilizotajwa katika 5.4.